Ndege za mfano: Foili ya jikoni inavyogeuka bati la ndege

Na Mwandishi Wetu, Kayanga

KATIKA vijiji vya wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, si ajabu kumkuta mtoto akikimbia kwenye njia ya migombani huku ameshika ndege aliyoitengeneza mwenyewe kwa kipande cha mti, waya na bati la kopo. Ndege hiyo huwa na mabawa, mkia na pangaboi linalozungushwa na upepo. Inachokosa ni sura. Anayeitazama huona kopo lililokatwa, haoni ndege.

Kinachoitenganisha ndege hiyo na ile inayowekwa ndani ya kabati la kioo la makumbusho si fedha nyingi wala mashine. Mara nyingi ni karatasi ya aluminiamu, ambayo wenye maduka huiita foili, ileile inayotumika kufungia kuku wa kuchoma. Ikiangukia mikononi mwa mtu mwenye wembe mpya, vanishi kidogo na subira nyingi, foili hugeuka bati la ndege kwa namna ambayo rangi ya kopo haiwezi kuifikia.

Watengenezaji wa ndege za mfano katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani wamekuwa wakiifanya kazi hiyo kwa miongo mingi. Wapo wanaonunua foili maalumu yenye gundi mgongoni, kama ile iuzwayo Marekani kwa jina la Bare-Metal Foil, na wapo ambao hadi leo hutumia ya jikoni. Kwa kijana wa Kayanga au Nkwenda asiye na uwezo wa kuagiza vifaa kutoka nje, njia hiyo ya pili ndiyo yenye maana, ingawa ina mitego yake.

Bata wenye mabawa ya shaba

Wazo la kutengeneza kiumbe kidogo kwa madini si geni Karagwe. Mwaka 1876, msafiri Henry Morton Stanley alipofika kwa Mfalme Rumanyika, alioneshwa nyumba ya hazina ya mfalme huyo. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1878, Stanley aliorodhesha vitu alivyoviona humo, miongoni mwake bata 16 wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, sanamu 10 za wanyama aliowafananisha na pofu, na ng'ombe 10 wa shaba wasio na vichwa.

Stanley aliwaona bata hao kuwa kazi isiyo na ustadi. Hata hivyo, maelezo yake mwenyewe yanaonesha kwamba aliyewatengeneza alikuwa amelitambua jambo ambalo watengenezaji wengi wa ndege za mfano hulikosa hadi leo: bawa huonekana bawa pale linapokuwa na rangi na mng'aro tofauti na kiwiliwili. Madini hayana rangi moja.

Shaba haikuwa ya kuchimbwa nyumbani. Wafanyabiashara wa Kiarabu kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mfalme ya Bweranyange, na shaba ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafiri katika njia za biashara za enzi hiyo. Chuma, kwa upande mwingine, kiliyeyushwa na kufuliwa na mafundi wa huku huku. Kutoka mikononi mwao walitoka ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe ndefu zilizopinda, mfano halisi wa ng'ombe wa asili wa maeneo haya. Baadhi ya vifaa hivyo vya ufalme wa Karagwe vimo leo katika makumbusho ya mji wa Stuttgart, Ujerumani.

Kyerwa, iliyotengwa na Karagwe na kuwa wilaya kamili mwaka 2012, ina hadithi yake ya madini. Huko huchimbwa bati, na uchimbaji huo umekuwapo tangu enzi ya ukoloni. Neno lenyewe huchanganya watu. Bati la kuezekea nyumba ni chuma kilichopakwa zinki. Bati la Kyerwa ni madini mengine kabisa, meupe na laini, yanayoyeyuka kwenye joto la nyuzi 232 tu za Selsiasi, ndiyo maana mafundi redio huyatumia katika risasi ya kuunganishia nyaya. Kopo la maziwa ya unga, nalo, ni chuma kilichopakwa safu nyembamba sana ya bati hilo.

Foili ya kwanza kutumika sana duniani ilitengenezwa kwa bati la aina hiyo, si kwa aluminiamu. Mwaka 1877, mwaka mmoja tu baada ya Stanley kupita Karagwe, Mmarekani Thomas Edison alinasa sauti ya binadamu na kuifanya isikike tena kwa mara ya kwanza, kwa kutumia foili ya bati iliyozungushiwa kwenye pipa dogo. Aluminiamu wakati huo ilikuwa adimu na ghali. Njia ya kuipata kwa bei nafuu kwa kutumia umeme iligunduliwa mwaka 1886 na watu wawili waliofanya kazi bila kujuana, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa. Foili ya aluminiamu ilianza kutengenezwa Uswisi mwaka 1910, na mwaka uliofuata tayari ilikuwa ikifungia chokoleti. Polepole iliiondoa ile ya bati, ambayo pamoja na ughali wake ilikuwa na tabia ya kukiachia chakula ladha yake.

Tofauti ya foili na rangi

Swali la kwanza la mtu yeyote ni kwa nini kujisumbua, wakati rangi ya fedha huuzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi.

Jibu limo ndani ya kopo la rangi. Rangi ya fedha ni vanishi iliyochanganywa na chembe ndogo za aluminiamu. Inapokauka, chembe hizo hulala ovyo, kila moja ikirudisha mwanga upande wake. Matokeo yake ni weupe wa kijivu unaofanana kila mahali, kama geti lililopakwa rangi jana. Foili ni madini matupu, uso wake ni mmoja, na mwanga unaoupiga hurudi kwa mpangilio. Jicho huitambua tofauti hiyo mara moja hata pale mtu anaposhindwa kuieleza.

Ndege yenyewe ni ushahidi wa pili. Ndege nyingi za miaka ya 1930 hadi 1960 ziliachwa bila rangi sehemu kubwa ya mwili. Rangi ni uzito, na uzito ni mafuta. Mabati yake yalikuwa ya duralumini, aloi ya aluminiamu yenye shaba kidogo iliyogunduliwa na Mjerumani Alfred Wilm mwanzoni mwa karne ya 20. Aloi hiyo ni imara lakini huliwa na kutu yake haraka, hivyo ikabuniwa njia ya kuifunika pande zote mbili kwa safu nyembamba ya aluminiamu safi. Safu hiyo ndiyo iliyong'aa juani.

Mabati hayo hayakuwa sawa. Bati moja lilikatwa kwa kufuata upande mmoja wa jani kubwa la kiwandani, jirani yake likakatwa kwa upande mwingine, na kila moja likapokea mwanga kivyake. Yaliyokuwa karibu na bomba la moshi yaligeuka rangi ya udongo kwa joto. Bati lililobadilishwa baada ya ajali ndogo uwanjani lilikuwa jipya kati ya wazee. Ukiipiga ndege nzima rangi moja ya fedha umefuta habari zote hizo.

Ipo pia hoja ya unene, na huenda hii ndiyo ya kuvutia zaidi. Ndege za mfano hutengenezwa kwa vipimo maalumu, na kinachotumika sana ni cha 1 kwa 72, yaani kila sentimita moja ya mfano ni sentimita 72 za ndege halisi. Bati la ndege ya abiria ya enzi hizo lilikuwa na unene wa karibu milimita moja au chini yake. Gawanya milimita moja kwa 72, jibu ni 0.014. Foili ya kawaida ya jikoni ina unene wa karibu milimita 0.016.

Kwa maneno mengine, foili huiiga ngozi ya ndege hata kwa unene. Kopo la soda, ambalo watoto wengi hulitumia, lina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Likizidishwa mara 72 linakuwa bati la zaidi ya milimita saba. Hiyo si ndege tena, ni deraya.

Dakota kama somo la kwanza

Ndege inayofaa kwa anayeanza ni Dakota, yaani DC-3. Iliruka kwa mara ya kwanza Desemba 17, 1935, na pamoja na zile za kijeshi zilitengenezwa zaidi ya 10,000. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza safari mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, lilizitumia Dakota kwa miaka mingi katika safari za ndani za Kenya, Uganda na Tanzania. Wazee waliosafiri kwa ndege miaka ya 1950 na 1960 huikumbuka kwa mkia wake uliokaa chini, kiasi kwamba abiria alipanda mlima kidogo kukifikia kiti chake.

Kwa kipimo cha 1 kwa 72, mabawa yake ya mita 29 yanakuwa sentimita 40, na urefu wake unakuwa sentimita 27. Ni ukubwa unaotosha mtu kufanya makosa na kuyarekebisha.

Vifaa vya plastiki vya kuunganisha havipatikani katika maduka ya kawaida ya wilaya hizi, lakini mbao zipo. Mti laini usio na mafundo, kama musizi au paina, huchongeka vizuri. Tatizo la mbao ni vinyweleo vyake. Foili haifichi kitu. Mkwaruzo usioonekana kwa macho, unywele mmoja, chembe ya vumbi, vyote hujitokeza juu yake kama kokoto chini ya shuka. Hivyo mbao hupakwa kwanza ile dawa ambayo maseremala huitumia kuziba vinyweleo kabla ya vanishi, ikikauka hupigwa msasa, ikapakwa tena, ikapigwa msasa laini zaidi. Mashimo huzibwa kwa pati. Msasa wa mwisho uwe namba 1000 au zaidi, tena wa maji. Mfano ukishalainika huoshwa kwa sabuni ili kuondoa mafuta ya vidole, kisha huachwa ukauke kabisa.

Wengi huiona hatua hii kuwa ya maandalizi tu na kuipitia haraka. Ukweli ni kwamba hii ndiyo zaidi ya nusu ya kazi, na hakuna mbinu ya baadaye inayoweza kuiokoa ndege iliyoharakishwa hapa.

Kabla ya kukata foili, mistari ya mabati ya ndege huchorwa juu ya mfano kwa penseli, kwa kufuata picha za ndege halisi. Katika Dakota mistari hiyo iko wazi. Mtengenezaji atagundua pia kwamba usukani wa mkiani, vinyanyuzi vya mkia na vile vipande vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege upande havikuwa vya bati kabisa. Vilifunikwa kwa kitambaa na kupakwa rangi ya fedha. Hapo ndipo rangi ya kopo inapopata kazi yake halali. Mtu akivibandika foili, mjuzi wa Dakota atagundua akiwa mlangoni.

Suala la gundi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Madini hayapitishi hewa. Gundi yoyote inayokauka kwa kutoa maji au harufu yake hewani, ikifunikwa kwa foili ikiwa mbichi, haina pa kutokea. Siku chache baadaye uso huvimba malengelenge, au foili huteleza inapoguswa. Gundi nyeupe ya mbao ina kasoro zote mbili: ikiwekwa mbichi hunasa maji, na ikiachwa ikauke hainati tena.

Dawa ni ile waliyoitumia mafundi wa kubandika dhahabu kwenye fremu za picha kwa karne nyingi. Hupaka vanishi ya mafuta, safu nyembamba sana, kisha huiacha hadi inapokaribia kukauka. Jaribio lao ni la kifundo cha kidole: kikigusa, kinate kidogo na kutoa mlio mwembamba kinapoachia, bila kubeba unyevu wowote. Muda wa kufika hapo hutegemea vanishi na hali ya hewa. Katika miezi ya mvua Karagwe, ukungu unapokaa mabondeni hadi saa nne asubuhi, muda huo hurefuka sana, na anayefuata saa badala ya kidole atajuta.

Wenye uwezo hununua gundi maalumu ya maji iliyotengenezwa kwa kazi hii. Hupakwa nyuma ya foili, huachwa mpaka igeuke kutoka weupe wa maziwa hadi iwe angavu, na hubaki ikinata. Kanuni ni ileile.

Foili hukatwa kipande kimoja kwa kila bati la ndege, kikubwa kidogo kuliko mistari ya penseli. Wembe uwe mpya. Wembe uliotumika, hata kama ungali unakata kucha, huivuta foili na kuichana. Kipande huwekwa katikati kwanza, kikabonyezwa kwa kidole kilichofunikwa pamba, kisha husuguliwa kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Baada ya hapo husuguliwa kwa pamba za masikioni, na mwisho kwa kijiti cha meno kilicholainishwa ncha, hasa kwenye mistari. Ndipo wembe hupitishwa kwa wepesi juu ya mstari, bila kukandamiza, na ziada huondolewa. Bati la pili hupakana na la kwanza au hulilalia kidogo sana, kama ilivyo kwa ndege yenyewe.

Kuhusu ribiti, wapenzi wa kazi hii hubishana bila mwisho. Zipo njia za kuziiga. Mojawapo ni kuviringisha gurudumu dogo lenye meno, lililotolewa katika saa mbovu, kandokando ya rula. Lakini kichwa cha ribiti halisi kikigawanywa kwa 72 hubaki chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndege ya mfano yenye ribiti zinazohesabika kutoka upande wa pili wa meza ina ribiti kubwa kama vifuniko vya chupa. Heri kuzikosa.

Pua ya ndege na ganda la chungwa

Mabawa na tumbo havina shida kubwa kwa kuwa vimepinda upande mmoja tu, kama karatasi iliyozungushwa kwenye bomba. Pua ni habari nyingine. Imepinda pande zote, na bati bapa haliwezi kufunika kitu cha mviringo bila kujikunja au kuchanika. Anayetaka kuhakikisha ajaribu kulifunika chungwa kwa kipande kimoja cha karatasi.

Viwanda vya ndege vilikutana na tatizo hilohilo. Vililimaliza kwa kugonga bati juu ya kalibu, kulipitisha kati ya magurudumu ya chuma, au kulikandamiza kwa mashine kubwa hadi likanyooka na kujivuta mahali palipohitajika. Foili hujivuta pia, ila kidogo. Mtengenezaji mwenye uzoefu huibana juu ya pua na kuisugua taratibu kwa mviringo. Mikunjo midogo hulala na kupotea. Ikikataa, pua hugawanywa vipande vyembamba kama vya ganda la chungwa lililomenywa, kila kimoja kikibandikwa peke yake. Vifuniko vya injini vya Dakota hufanywa hivyo.

Mtu aliyefanikiwa kuvivika vifuniko hivyo viwili amejifunza kwa mikono yake namna bati linavyokubali na linavyokataa kupinda. Si elimu ndogo. Wanaosomea matengenezo ya ndege katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, nao hukutana na bati lenye tabia hiyohiyo, isipokuwa lao ni kubwa na kosa lake ni la hatari.

Kutofautisha mng'aro

Kubandika kukiisha, kazi ya kuyafanya mabati yatofautiane huanza, ingawa kwa kweli hupangwa mapema. Foili ya jikoni ina pande mbili, mmoja unang'aa na mwingine umefifia. Sababu ni kwamba katika hatua ya mwisho kiwandani hupitishwa mbili mbili kwa pamoja kati ya rola. Upande uliogusa rola hung'aa, ule uliogusana na mwenzake hufifia. Hapo tayari kuna rangi mbili. Ukikata vipande kwa kufuata urefu wa foili na vingine kwa kufuata upana, unapata nne.

Njia nyingine inajulikana kwa kila anayepika. Sufuria ya aluminiamu iliyochemshiwa maji mara nyingi hugeuka nyeusi ndani. Foili nayo, ikichemshwa ndani ya maji kwa muda, hupoteza weupe na kuwa na rangi ya risasi, inayofaa sana kwa mabati ya karibu na injini. Magadi kidogo huharakisha kazi, lakini kidogo hasa. Magadi huila aluminiamu, na aliyezidisha atakuta foili ina matundu. Vipande vingine vinaweza kusuguliwa kwa dawa ya meno ili ving'ae zaidi, au kwa sufi ya chuma iliyo laini, kwa mstari mmoja, ili vionekane vimefifia.

Kiasi ni muhimu. Tofauti zikizidi, ndege huwa kama shuka la viraka.

Kumbukumbu ya angani

Dakota ni ya kujifunzia. Kwa watu wa Karagwe na Kyerwa, ndege zenye uzito zaidi katika kumbukumbu ni nyingine. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera. Ndege za kivita za Uganda zilijaribu kuliangusha kwa mabomu daraja la Kyaka, juu ya Mto Kagera, zikalikosa, na hatimaye mapema Novemba daraja hilo likalipuliwa kwa baruti. Ilikuwa njia ya Karagwe kwenda Bukoba. Aliyekuwa na miaka 10 wakati huo sasa amevuka 50, na waliokuwa watu wazima wanazidi kupungua.

Miongoni mwa ndege za vita hivyo ilikuwamo MiG-21 ya Kisovieti, iliyotumiwa na pande zote mbili. Ni ndege ndogo. Kwa kipimo cha 1 kwa 72 upana wa mabawa yake haufiki sentimita 10. Anayetaka kuitengeneza kama kumbukumbu ana swali gumu kuliko la Dakota. MiG-21 nyingi duniani ziliachwa na rangi ya madini, lakini nyingi kati ya hizo zilipakwa vanishi yenye aluminiamu kiwandani, na nyingine zilipakwa rangi za kujificha za kijani na kahawia. Mng'aro ambao mtu alimulikiwa nao machoni akiwa amelala chini ya mgomba si ushahidi unaotosha. Kioo cha rubani nacho hung'aa.

Kwa hiyo picha hutafutwa kwanza, na namba ya ndege katika picha hiyo, na mwaka ilipopigwa. Kama picha inaonesha rangi, foili huwekwa kando, hata kama inapendeza. Sehemu pekee ambayo hubaki madini matupu kwa karibu kila MiG-21 ni ya nyuma kabisa, kwenye mdomo wa injini, ambako joto hugeuza chuma kuwa rangi ya buluu na kahawia. Hapo foili iliyochemshwa hufaa kuliko kitu kingine.

Maandishi hubandikwa mwisho. Ndege za kiraia za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Y na za Uganda 5X, na kabla ya uhuru alama zilikuwa nyingine, hivyo Dakota ya mwaka 1955 yenye 5H ubavuni ni kosa. Juu ya foili haipakwi vanishi ya kung'arisha, kwani huirudishia sura ya rangi. Ndege hushikwa kwa kitambaa, si kwa vidole vitupu. Chumvi ya jasho huacha alama ambayo baada ya miezi kadhaa huwa doa jeupe lisilofutika.

Ikitunzwa mbali na moshi wa jikoni, foili hudumu miaka mingi. Hufifia kidogo kadiri muda unavyokwenda, kama zilivyofifia Dakota zenyewe, na bati lililobanduka hubanduliwa lote na kubandikwa jipya, ambalo kwa mwaka wa kwanza litaonekana jipya kuliko wenzake.